Funika Vikombe Kwanza: Mwanasayansi Mpenda Divai na Fundisho Lake kwa Mama wa Nyumba

Juma hili tuzungumze juu ya ulimi. Si ulimi wa kusema, maana juu ya huo tumekwisha kushauriana mara nyingi. Ni ulimi wa kuonja.

Mwaka jana jamaa yetu ilipokea wageni wa posa. Binti wa yaya wangu alikuwa ameombwa, na wajomba wakakaa kikao cha matayarisho. Wakasema: hawa wakwe ni watu wa heshima, hatuwezi kuwapa divai ya kartoni, tutachekwa; zinunuliwe chupa za kizibo. Bahati mbaya zamu yangu ya likelemba ilikuwa imefika juma lile lile. Falanga hizo nilikuwa nimeziwekea kazi yake, masomo ya mtoto wangu wa tatu. Lakini nani atasimama mbele ya wajomba aseme hapana? Nikatoa dola 72 kwa chupa 6.

Siku ikafika. Bukari, kuku, sombe na samaki, kila kitu kwa wingi. Chupa nne za kwanza zikaisha upesi. Mbili za mwisho hazikuonekana, maana mjomba mmoja alikuwa amekwisha kuziweka pembeni kwa ajili yake mwenyewe. Vijana wa jikoni, kwa kuogopa aibu, wakachukua chupa tupu, wakamimina ndani yake divai ya kartoni iliyokuwa imeletwa kwa ajili ya wapishi, wakairudisha mezani. Baba mkwe akainua glasi, akaonja, akatikisa kichwa, akasema: «Hii ya sasa ndiyo divai. Inashinda ile ya kwanza.»

Mimi niliambiwa asubuhi tulipokuwa tukiosha vyombo. Nilicheka mpaka machozi. Kisha nikaketi juu ya kigoda, nikakumbuka dola 72, na kicheko kikaisha.

Tangu siku ile swali moja halikuniacha. Je, baba mkwe alidanganya? Au ulimi wake ndio uliomdanganya? Na kama ulimi wa mtu mzima unaweza kupotea hivyo, sisi tunaotoa falanga tunalipia nini hasa?

Mwalimu aliyependa divai

Swali hilo limekwisha kuulizwa, tena na mtu aliyependa divai kuliko baba mkwe wetu. Huko Marekani, katika jimbo la California, kuna mtu anayeitwa Robert Hodgson. Kazi yake ilikuwa kufundisha takwimu katika Chuo Kikuu cha Humboldt State. Takwimu ni ile elimu ya kuhesabu mambo mengi ili kujua ni lipi lililotokea kwa sababu, na lipi lililotokea kwa bahati tu. Darasani alikuwa mtu wa hesabu. Nje ya darasa alikuwa mtu wa zabibu. Alifungua kiwanda kidogo cha divai mahali paitwapo Fieldbrook, kaskazini mwa California, akawa anatengeneza, anaonja na kulinganisha divai kwa mapenzi tu.

Kama watengenezaji wenzake, alikuwa akipeleka divai yake kwenye mashindano. Huko kuna waamuzi, watu wanaojulikana kwa ulimi wao. Wanaonja, wanatoa alama, na divai inapewa medali ya dhahabu, ya fedha au ya shaba, au haipewi kitu. Medali hiyo hubandikwa juu ya chupa, na kwa medali hiyo chupa huuzwa vizuri.

Hodgson akaona jambo lililomsumbua. Divai yake hiyo hiyo ilipata dhahabu katika mashindano moja, na katika mashindano mengine haikupata hata shaba. Mtu mwingine angefurahia dhahabu na kusahau pale aliposhindwa, au angewalaumu waamuzi kwamba wamehongwa. Yeye alikuwa mwalimu wa takwimu. Akajiuliza: kama mwamuzi mmoja akionjeshwa divai moja mara tatu bila kujua, je, atatoa alama moja mara zote tatu?

Chupa moja, vikombe vitatu

Aliingia katika baraza la ushauri la mashindano ya divai ya Maonyesho ya Jimbo la California, mojawapo ya mashindano makubwa ya Marekani. Akawaomba wakubwa wake ruhusa ya kuwapima waamuzi wenyewe, nao wakakubali. Jaribio lilianza mwaka 2005, likarudiwa mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka waamuzi walikuwa kati ya 65 na 70.

Njia yake ni nyepesi kiasi kwamba hata mtoto wa shule ya msingi angeielewa. Waamuzi waliletewa glasi 30 hivi za kuonja, bila jina na bila bei. Kati ya glasi hizo, tatu zilikuwa zimemiminwa kutoka chupa moja. Mwamuzi hakujua. Alifanya kazi yake kama siku zote: kutazama rangi, kunusa, kuonja, kutema, kuandika alama.

Matokeo yalitolewa mwaka 2008 katika jarida la wataalamu wa uchumi wa divai. Alama za mashindano hayo zinaanza 80 na kuishia 100. Mwamuzi wa kawaida aliyetoa 90 kwa glasi ya kwanza, aliweza kutoa 86 kwa glasi ya pili na 94 kwa ya tatu, na zote tatu ni chupa moja! Ni mwamuzi mmoja tu katika kila kumi aliyeweza kuiweka divai hiyo katika medali moja mara zote. Na mwingine mmoja katika kila kumi aliipa divai ile ile shaba mara moja na dhahabu mara nyingine. Tena, wale waliofanya vizuri mwaka mmoja, mwaka uliofuata wengi wao walirudi kuwa kama wenzao.

Jambo moja walikubaliana nalo vizuri zaidi: divai wasiyoipenda. Kile kilichoharibika, ulimi unakijua na unarudia neno lake. Kutenganisha kizuri na kizuri zaidi ndiko kulikowashinda.

Mwaka 2009 Hodgson akatoa hesabu ya pili. Alikusanya matokeo ya mashindano 13 ya Marekani. Kulikuwa na divai zaidi ya 2,400 zilizoingia katika mashindano zaidi ya matatu. Karibu nusu ya hizo zilipata dhahabu mahali fulani. Lakini katika zile zilizopata dhahabu, zaidi ya nane katika kila kumi hazikupata kitu chochote mahali pengine. Akasema waziwazi kwamba dhahabu nyingi ni kazi ya bahati.

Fikirini, mama zangu. Mtu huyu alikuwa na medali zake mwenyewe. Alikuwa anauza divai. Alichokifanya ni sawa na mama wa sokoni kutangaza kwamba ule mzani unaompendelea si mzani. Hata hivyo hakuacha kutengeneza divai, wala hakuwatukana waamuzi. Alisema tu kwamba kazi wanayopewa inapita nguvu ya mwanadamu: kuonja vinywaji vingi kwa siku moja, na kila kimoja kukipa alama isiyobadilika.

Bibi wa chai na vikombe vinane

Je, tuseme basi kwamba ulimi hauna kazi? Hapana. Kuna hadithi nyingine ya kweli, ya miaka ya 1920 mwanzoni, huko Uingereza, katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted.

Watafiti walikuwa wakinywa chai ya alasiri. Kati yao alikuwamo Muriel Bristol, mwanamke mwenye udaktari wa sayansi, mtaalamu wa mwani, vile vimea vidogo vya majini. Mwenzake Ronald Fisher alimpa kikombe cha chai, naye akakikataa. Akasema chai ikitangulia na maziwa yakafuata, ladha si ile ya maziwa kutangulia na chai kufuata. Fisher akacheka: chai ni chai, maziwa ni maziwa! Mtafiti mwingine, William Roach, akasema: basi tumpime.

Wakatayarisha vikombe 8. Katika 4 maziwa yalitangulia, katika 4 chai ilitangulia. Vikachanganywa, akaletewa kimoja kimoja. Kama mtu anabahatisha tu, kuna namna 70 za kuchagua vikombe 4 kati ya 8, na ni moja tu iliyo sahihi yote. Maana yake, mwenye kubahatisha anapata bahati hiyo mara moja katika 70. Inasimuliwa kwamba bibi Bristol alivipata vyote bila kosa. Roach, aliyependekeza jaribio, ndiye aliyekuja kuwa mume wake.

Fisher naye alilichukua jaribio hilo la vikombe akaliandika katika kitabu chake cha mwaka 1935 juu ya namna ya kupanga majaribio, kitabu ambacho wanasayansi bado wanakitumia. Dawa mpya inapopimwa kama inaponya kweli, njia ni ndugu ya vikombe vile: anayepima asijue ni kipi ndani ya kipi, na bahati ihesabiwe.

Basi mwanamke mmoja aliyechekwa mezani alionyesha kwamba ulimi uliozoea kitu unaweza kukijua kweli. Tofauti yake na waamuzi wa divai ni hii: yeye aliulizwa swali moja dogo, juu ya kinywaji anachokijua kila siku, kwa vikombe vichache.

Kwa nini ulimi unapotea

Sababu ya kwanza ni kwamba ulimi haufanyi kazi peke yake. Wenyewe unajua mambo machache: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ile ladha nzito ya mchuzi wa nyama. Mengine yote tunayoyaita ladha ni harufu inayopanda kutoka nyuma ya kinywa mpaka puani. Ndiyo maana mtoto mwenye mafua anasema chakula hakina ladha, na mama anadhani anadeka. Jaribuni nyumbani: mtoto afumbe macho na kubana pua, mpeni kipande cha embe na kipande cha papai, aseme kipi ni kipi. Kisha aachie pua. Mtaona uso wake.

Sababu ya pili ni macho. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walitoa matokeo ya jaribio lao na wanafunzi 54 waliokuwa wakisomea divai. Waliwapa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi wale wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Macho yalisema «nyekundu», na pua ikafuata kama kondoo.

Sisi wa Likasi tunalijua jambo hili kwa mawe. Malakiti ya kijani inapendeza macho, lakini hakuna anayelipa shaba kwa kutazama kijani. Jiwe linasagwa, linapelekwa laboratwari, linapimwa. Na mchimbaji anayepimiwa na mnunuzi peke yake, bila shahidi, anajua uchungu wa kipimo cha upande mmoja.

Sababu ya tatu ni bei, na hapa namrudia baba mkwe. Mwaka 2008 watafiti wa California waliwaonjesha watu 20 divai huku mashine ikitazama kazi ya ubongo wao. Divai moja iliwahi kuitwa ya dola 10, kisha ikaitwa ya dola 90. Watu waliipenda zaidi ilipoitwa ya dola 90. Na mashine ikaonyesha kwamba sehemu ya ubongo inayohusika na raha iliamka zaidi kweli. Hawakuwa wanadanganya! Bei iliingia kichwani kabla ya divai kuingia kinywani, ikaitengeneza raha yenyewe.

Basi baba mkwe wetu hakudanganya. Alikunywa chupa, hakunywa divai. Na mimi ndiye niliyeilipia ile chupa.

Mwaka huo huo wa 2008 hesabu nyingine ilitolewa Marekani, ya maonjo zaidi ya 6,000, watu wakiwa hawajui bei. Watu wa kawaida, wasiojifunza kuonja, hawakuzipenda zaidi divai za bei kubwa. Kwa wastani walizipenda pungufu kidogo. Waliojifunza ndio walioonyesha dalili ya kupenda zile za bei. Kwa hiyo si kwamba divai zote ni sawa. Watu wa Dodoma, Tanzania, wanaolima zabibu na kuvuna mara mbili kwa mwaka, hawatakubali neno hilo. Lakini tofauti inayolipiwa dola nyingi haiingii katika kinywa cha kila mgeni.

Turudi kwenye munkoyo wetu

Mama, huenda unasema: divai ni kitu cha siku moja kwa mwaka, mimi shida yangu ni nyingine. Sawa. Tuongee juu ya munkoyo.

Munkoyo ni kazi ya mikono yetu. Uji wa mahindi unapikwa, unaachwa upoe mpaka uvuguvugu, kisha inatiwa mizizi ya munkoyo iliyopondwa. Uji mzito unageuka mwepesi mbele ya macho yako, na utamu unakuja bila sukari. Wanasayansi wa Zambia na wa Kongo wameipima kazi hiyo: ndani ya mizizi kuna vimeng'enya, vitu vinavyokata wanga wa mahindi kuwa sukari. Ndiyo sababu bibi zetu walikataza kutia mizizi katika uji unaochemka, kwa kuwa moto mkali unaviua. Baadaye vijidudu vinavyochachusha vinakuja kuleta ule uchachu tunaoupenda. Bibi alikuwa na sayansi bila kuiita sayansi.

Lakini tazameni namna tunavyohukumiana. Mama fulani akileta bidoni yake, tunasema munkoyo wake ni mzuri kwa sababu ni mke wa mtu mkubwa. Mwingine tunasema wake ni maji, kumbe tumekwisha kugombana naye juu ya jambo la likelemba. Kuna mama ameacha kuuza kwa neno moja tu lililosemwa juu ya bidoni yake, na neno lenyewe lilitoka kwa aliyeona sura, hakuonja kinywaji. Na watoto wetu wanaambiwa kila siku kwamba soda ya dukani ni bora kuliko cha bibi, kwa sababu ina karatasi ya rangi.

Basi tuchukue njia ya Hodgson na ya bibi wa chai. Haina gharama. Vikundi vinaweza kuifanya hivi:

1. Mama mmoja asiyeonja awe mtumishi wa vikombe. Yeye peke yake anajua kilichomo, naye anaandika katika daftari na kulifunga. Asikae mbele ya waonjaji, maana uso wake utasema.

2. Vikombe viwe vya aina moja, vifunikwe, viandikwe namba chini. Vinywaji viwe na ubaridi mmoja.

3. Kila mwonjaji apewe vikombe vitatu: viwili vina kinywaji kimoja, cha tatu kina kingine. Aseme kipi ni mgeni. Viwanda vya vyakula na vya bia vinatumia njia hii hii.

4. Rudieni mara nne, kila mara mkibadilisha mpangilio. Anayebahatisha atapata zote nne mara moja tu katika 81. Mama akipata zote nne, mpeni heshima yake: ana ulimi.

5. Mkitaka kutoa alama, mtumishi arudishe munkoyo mmoja mara mbili kwa siri. Ambaye alama zake mbili hazifanani kabisa, alama zake zisitumiwe kumhukumu mtu. Hata kama ni mwenyekiti.

6. Kati ya kikombe na kikombe, maji kidogo mdomoni. Vikombe visizidi sita kwa kikao. Ulimi unachoka kama mgongo.

7. Mtu asiseme neno wala kukunja uso mpaka wote wamekwisha kuandika. Neno la kwanza linawavuta wote.

Pale ulimi usipotosha

Ni lazima niseme na hili, kwa sababu ni la uzima. Kuna jambo ambalo ulimi hauwezi kulijua hata ukifundishwa miaka 40. Katika lutuku na pombe nyingine kali zilizotengenezwa au kuchanganywa vibaya, inaweza kuwamo methanoli, sumu inayopofusha macho na kuua. Ladha yake na harufu yake ni karibu sana na ya pombe ya kawaida. Hakuna mwonjaji atakayekuambia «hii ni salama» kwa kuonja. Mtu akinywa kisha akaona giza machoni, akaumwa kichwa na kutapika, asiachwe alale «mpaka itoke». Apelekwe kwa munganga mara moja.

Tena, waamuzi wa divai hawamezi, wanatema. Mama mwenye mimba asionje kileo hata kidogo, maana hakuna kipimo kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto aliye tumboni. Na munkoyo uliolala siku nyingi unaongeza kileo. Wa watoto uwe ule mpya. Michezo ya kuonja ya watoto tuifanye kwa matunda, kwa chai na kwa uji.

Posa ya pili

Mwaka huu binti wa pili wa yaya ameombwa. Wajomba walipoanza tena habari ya chupa za kizibo, niliomba jambo moja: kabla ya kununua, tuonje. Tukanunua chupa moja na kartoni moja. Tukaketi watano lupangoni, vikombe vimefunikwa kwa sahani, mtoto wangu wa tatu akiwa mtumishi wa vikombe, maana yeye ndiye mwenye hesabu nzuri.

Wajomba wawili walikosa mara tatu katika nne. Mimi nilipata mara mbili, nikakosa mara mbili. Shangazi alipata moja. Yaya wangu, ambaye tangu ujana ndiye anayepika katika kila kilio na kila ndoa ya jamaa, alipata zote nne, akiwa amekaa tu kama anayechambua mchicha. Tukamuuliza: haya, kati ya hizo mbili ipi ni nzuri?

Akasema: «Zote mbili ni kali. Wageni muwape mtakavyo, mimi mnipe munkoyo.»

Wajomba walinyamaza kidogo. Kisha yule aliyeficha chupa mwaka jana akasema divai ya kartoni si mbaya ikimiminwa ndani ya jagi zuri, na kikao kikafungwa. Falanga za likelemba safari hii zimekwenda shuleni, na risiti ninayo.

Kikao chetu kijacho, kila kikundi kilete munkoyo wake katika bidoni isiyo na jina. Mama mwenye vikombe vingi vya aina moja avilete, na visahani vya kufunikia. Atakayeshinda hatapewa medali, tumekwisha kuona habari za medali. Atapewa nafasi ya kutufundisha anavyoponda mizizi yake.